Mashauri ya Kale juu ya Muhogo: Yapi Yafaa Hata Leo, na Yapi Yamepitwa

Wasomaji wetu wakaao pande za nje za Dar es Salaam, yaani Bunju na Mabwepande katika Kinondoni, Chamazi na Toangoma katika Temeke, na ng'ambo ya Kigamboni, waujua muhogo kuliko sisi tuandikao. Hatutaki kumfundisha mtu kushika jembe alilolishika tangu utoto wake. Nia yetu ni kueleza jambo moja ambalo, tusipoliangalia, laleta hasara shambani na njaa nyumbani. Mashauri ya Serikali juu ya mmea huu yamechapwa kwa Kiswahili kwa miaka mingi sana, na hayo si ya namna moja. Mengine yalikuwa kweli jana, na leo ni kweli vile vile. Mengine yalikuwa kweli siku yalipoandikwa, lakini sasa mkulima ayafuataye neno kwa neno huchimba mizizi iliyooza. Basi hapana budi kila shauri lisomwe pamoja na mwaka wake.

Tuanze na karatasi zenyewe. Siku za Wadachi gazeti la Kiongozi lilichapwa Tanga, katika skuli ya Serikali, tangu mwanzo wa karne ya 20 hata vita vilipolikomesha. Waingereza walipokwisha kuishika nchi, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam, na toleo la kwanza likatoka Januari 1923. Humo msomaji alipata habari za wilaya, mashairi na barua za wasomaji wenzake, na pamoja na hayo mafundisho ya kulima, ya usafi wa nyumba, ya kulea watoto na ya kujikinga na maradhi. Mwaka 1948 ikawekwa ofisi ya vitabu ya nchi za Afrika ya Mashariki, makao yake Nairobi, nayo ikaeneza vitabu vidogo vya bei nafuu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi hizi. Mtu mmoja ajuaye kusoma aliweza kuwasomea majirani kumi barazani, kwa hiyo karatasi moja ilifika mbali kuliko hesabu ya wanunuzi.

Katika mambo ya chakula, mara nyingi sauti ya Serikali ilikuwa sauti ya amri. Kwa sheria ya mwaka 1926 watawala wa wenyeji walipewa mamlaka ya kuamuru watu walime mazao ya kuzuia njaa, na katika mazao hayo muhogo ulikuwa mbele. Mwenye kukataa aliweza kushtakiwa barazani na kutozwa faini. Sababu za kuuchagua muhogo zilikuwa za haki. Ya kwanza ni nzige. Mwisho wa miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930 nzige waliivamia Afrika ya Mashariki makundi kwa makundi, wakala mahindi na mtama hata mashina. Lakini muhogo, hata ukiliwa majani yote, mzizi wake uko chini ya ardhi na shina huchipuka tena. Ya pili ni kwamba muhogo hauhitaji ghala. Mahindi yakikomaa huna hiari, lazima uyavune, uyakaushe, upigane na wadudu na panya. Muhogo wakaa ardhini mwaka mmoja, hata mwaka na nusu na zaidi, nawe wachimba kadiri ya sufuria yako. Kwa hiyo ikasemwa kwamba shamba la muhogo ni ghala ya maskini.

Ardhi ya Uzaramo nayo ilikubaliana na shauri hilo. Mabonde ya Msimbazi, Kizinga na Mzinga yafaa mpunga na mboga. Lakini ukipanda miinuko iliyo kati ya mabonde, wakuta mchanga usioshika maji, ambao mahindi hukauka ndani yake mvua ikichelewa majuma mawili. Muhogo hustahimili. Mvua ikikatika hupukutisha majani, husimama kama mti uliokufa, kisha mvua ikirudi huchipua. Ndiyo maana wenyeji waliupenda kabla hawajaamriwa na mtu. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika, na pwani yetu ulienea hasa katika karne ya 18. Amri ya mwaka 1926 iliukuta shambani zamani.

Basi kosa la mashauri yale halikuwa kwamba yalikuwa maovu. Kwa maoni yetu kosa lake ni kwamba mara nyingi mkulima alipewa tendo, sababu ikabaki ofisini. Mtu aliyeelezwa sababu huweza kuitambua siku ambayo sababu ile imekoma. Mtu aliyepewa amri tupu huwa na njia mbili tu: aishike hata baada ya mambo kubadilika, au aitupe yote, jema na baya pamoja. Na mambo ya muhogo yamebadilika, kama tutakavyoeleza.

Ugonjwa wa kwanza wa muhogo ulioandikwa vitabuni ni batobato. Majani hupata mabaka ya manjano na kijani, hujikunja na kuwa madogo, na mmea hudumaa. Mdachi mmoja, Warburg, aliuandika mwaka 1894 kwa habari zilizotoka Usambara, na hayo ndiyo maandiko ya kwanza ya ugonjwa huo duniani. Huko huko Usambara, mahali paitwapo Amani, Wadachi waliweka kituo cha uchunguzi wa mimea mwaka 1902, na Waingereza wakakifufua baada ya vita. Katika miaka ya 1930 wataalamu wawili, H. H. Storey na R. F. W. Nichols, walifanya kazi Amani juu ya batobato. Walionyesha kwamba ugonjwa huchukuliwa na nzi weupe, wadudu wadogo sana wakaao chini ya jani, ambao ukilitikisa jani huruka kama unga uliopeperushwa. Lakini jambo la pili ndilo kubwa kwa mkulima: ugonjwa husafiri hasa ndani ya kijiti cha kupandia. Apandaye kijiti kilichokatwa katika mmea mgonjwa amepanda ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe, hata kama shambani hapana nzi mmoja.

Hapa twaomba ruhusa ya kusimulia kidogo, kwa sababu habari hii haijulikani na wengi nayo ni fahari ya nchi yetu. Wataalamu wa Amani walitafuta mmea wa kuutia muhogo nguvu ya kushinda maradhi, wakauona katika mti wa mpira. Si ule mpira mkubwa wa Malaya, bali ule wa Ceara ambao Wadachi waliupanda katika mashamba makubwa ya Tanga na kwingineko, nao ukawatia hasara kubwa bei ilipoanguka mwaka 1913. Mti huo ni ndugu wa muhogo. Mizizi yake haina faida kwa chakula, lakini hauugui upesi. Wakaoza maua ya mmoja kwa chavua ya mwingine, kisha watoto wao wakawaoza tena na muhogo, na wajukuu vivyo hivyo, mpaka ikapatikana mimea yenye mzizi wa kuliwa na nguvu ya babu yake mpira. Katika miaka ya 1950 mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria. Huko zikazaa aina ambayo wataalamu wa kituo cha Ibadan, kilichoanzishwa mwaka 1967, waliitumia kupata muhogo ulioenea nchi nyingi za Afrika. Na batobato kali ilipoiangamiza mihogo ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na baadaye, aina zilizosaidia kuwarudishia watu chakula zilikuwa na damu ya Amani ndani yake. Mti uliowafilisi matajiri wa mpira ukawalisha maskini wa mbali.

Ugonjwa wa pili ndio sababu ya sisi kuandika. Wataalamu wauita michirizi ya kahawia. Storey aliueleza mara ya kwanza mwaka 1936, naye aliujua kuwa ugonjwa wa nchi za chini, za pwani. Kwa muda mrefu ulikaa katika ukanda huo, tangu pwani ya Kenya kupita kwetu hata Msumbiji, na kandokando ya Ziwa Nyasa. Lakini tangu mwaka 2004 umeonekana Uganda katika nchi za juu, na kutoka hapo umeenea sehemu za Maziwa Makuu. Kwetu sisi wa pwani si mgeni. Ni mkazi wa zamani ambaye wengi hawajamtambua uso.

Sababu ya kutotambulikana ni ujanja wake. Batobato hujitangaza: kila apitaye njiani aona majani yaliyojikunja. Michirizi ya kahawia hujificha. Majani machanga ya juu huwa ya kijani na ya kupendeza. Ni majani ya chini, yaliyokomaa, ndiyo huonyesha manjano kando ya mishipa, tena wengi hudhani ni uzee wa jani. Katika shina la kijani wakati mwingine huonekana mistari ya kahawia. Mkulima huona shamba limesitawi, hungoja, na siku ya kuchimba hukata mzizi akakuta ndani mabaka makavu ya rangi ya kahawia, magumu kama gome, machungu yasiyolika. Mwingine umebanwa katikati kana kwamba umefungwa kamba. Akikata kipande kibovu, hubaki robo. Na mara nyingine hutupa wote. Mnunuzi wa sokoni Tandika au Tandale akikuta mmoja wa namna hiyo katika gunia hulishusha bei gunia zima, wala hatuwezi kumlaumu.

Sasa msomaji atie akili katika jambo hili. Uozo wa mzizi huongezeka kadiri muhogo ukaavyo ardhini. Mmea wenye ugonjwa ukichimbwa mapema waweza kukupa chakula kizuri. Ukiachwa miezi mingi zaidi, mzizi ule ule wageuka takataka. Wakulima wengi wa pwani wamelijua hili bila kufundishwa na mtu, nao huchimba mapema kabla ya kukomaa vizuri, wakipata mizizi myembamba kuliko kupoteza yote. Basi lile shauri la kale, la kuuacha muhogo ardhini kama akiba, limevunjwa na ugonjwa. Ghala ya maskini ina mwizi ndani yake. Aliyeambiwa tu kwamba aupande na auache hana habari. Aliyeambiwa kwa nini auache aweza kuona kwamba sababu imekoma, na kutafuta ghala nyingine.

Ghala hiyo nyingine ipo, nayo ni ya zamani: makopa. Muhogo ukiisha kuchimbwa hauwezi kungoja. Baada ya siku mbili au tatu huanza kubadilika rangi na kuharibika. Lakini ukimenywa, ukakatwa na kukaushwa vizuri juani, wakaa miezi ikiwa umewekwa pakavu na kulindwa na wadudu. Kwa hiyo mwenye shamba lililoingiwa na michirizi, tena aina yake si ya kustahimili, afanya vema kuchimba unapotimia miezi tisa hivi, ale na kuuza ulio mbichi, na unaobaki aufanye makopa kuliko kuuacha. Twajua kwamba kazi hii huwaangukia kina mama, ambao tayari wana maji ya kuteka na watoto wa kutazama. Shauri lolote linaloongeza kazi ya mama bila kumpunguzia nyingine ni shauri la mtu asiyelala katika nyumba hiyo. Wanaume na vijana wamenye, wasukume mkokoteni, watazame mvua. Hilo halipunguzi heshima ya mtu.

Katika kukausha, kuna jambo la hatari ambalo lazima tulieleze kwa kituo. Ndani ya muhogo mna kitu ambacho chenyewe hakina madhara makubwa, lakini mzizi ukipondwa au kutafunwa hukutana na kitu kingine kilichomo humo humo, na kutokana nao hutoka sumu iitwayo sianidi. Katika mihogo mitamu kiasi chake ni kidogo, ndiyo maana watu wa Dar es Salaam hula muhogo wa kuchemsha, wa kukaanga na wa kuchoma kwa chumvi na pilipili pasipo madhara. Katika mihogo michungu kiasi ni kikubwa. Tena ukame huongeza uchungu: aina uliyoizoea kuwa tamu yaweza kuwa chungu mwaka wa jua kali.

Msomaji atauliza, mbona basi watu hawaiachi michungu? Wana sababu zao nzuri. Nguruwe mwitu na nyani hawaipendi, nayo mara nyingi huzaa sana. Na katika mashamba yaliyo karibu na mji, hata mwizi wa miguu miwili huipita, maana hawezi kuichimba usiku na kuitafuna njiani.

Dawa ya sumu ni kuiacha ile mikutano itokee kabla ya chakula kufika kinywani, sumu ipae hewani au iende na maji. Kuchemsha vipande vikubwa vya muhogo mchungu hakutoshi, kwa sababu moto huua kile kitu cha pili kabla hakijafanya kazi yake. Kukausha tu juani, bila kuloweka, kwapunguza lakini hakumalizi. Njia ya wazee ni bora: muhogo mchungu hulowekwa majini kama siku tatu mpaka ulainike, hukamuliwa, ndipo huanikwa. Anayefupisha siku hizo kwa sababu ya njaa hujiingiza katika hatari. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Tarime walipatwa na ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafula, wasiweze kutembea sawasawa tena maishani. Na habari kama hizo zimeonekana baadaye Mtwara na Mbinga. Ugonjwa huo waitwa konzo, jina lililotoka Kongo, ambako daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, katika nyumba ambazo muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka ndio chakula cha kila siku, na samaki, nyama au kunde hazionekani.

Kwa wenye unga ambao hawana hakika nao, kuna njia nyepesi iliyotafutwa Australia na Bwana Howard Bradbury na wenzake mwanzoni mwa karne hii, na kuenezwa kwa picha za kubandika ukutani. Unga wa makopa huchanganywa na maji mpaka ulowe, hutandazwa juu ya mkeka au sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, huachwa juani saa mbili, au kivulini saa tano. Kisha hupikwa ugali siku hiyo hiyo. Sumu nyingi huwa imekwisha kupaa. Hakuna chombo cha kununua wala dawa ya kutia. Sisi twaiona njia hii kuwa mfano mzuri wa shauri la Serikali au la wataalamu linavyopasa kuwa, maana mpishi aweza kuijaribu leo jioni katika ua wake.

Habari ya konzo yatupeleka kwenye sufuria. Muhogo hutia nguvu mwilini, lakini haujengi mwili: katika gramu 100 za muhogo mbichi, protini ni kama gramu moja na kidogo. Mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa uji wa muhogo peke yake atashiba na atadhoofu pamoja. Jambo hili lilihubiriwa katika karatasi za kale, lakini kufundishwa kwake kwa namna ya kuwaingia watu kulikuja baada ya Uhuru. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo ndani yake watu wapatao milioni 2 walikusanyika vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu kidogo, kisha wakajadiliana na kuazimia la kufanya, kama kuchimba vyoo. Mwaka huo huo sheria iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa njia ile ile ya redio, kitabu na kikundi. Tofauti yake na siku za faini ni wazi. Kitabu kilikuwa kile kile, pengine kidogo zaidi. Lakini msomaji aliruhusiwa kukijibu.

Kwa nyumba ya pwani dawa ya upungufu huu haiko mbali, maana imo juu ya mmea wenyewe. Kisamvu kina protini mara kadhaa kuliko mzizi wake. Lakini nacho kina sumu, tena nyingi, kwa hiyo kitwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa mno, kama bibi zetu walivyofanya. Kikiungwa kwa nazi na karanga, na kuliwa na dagaa au kunde, bada ya muhogo huwa chakula kamili. Tuongeze onyo moja: usichume majani mengi mno katika mmea unaoutegemea kwa mizizi, maana mzizi hulishwa na jani.

Turudi shambani. Mwaka 1948 Dar es Salaam ilihesabiwa watu karibu 69,000. Mwaka 2022 mkoa wote ulikuwa na watu 5,383,728. Mahali palipokuwa mashamba ya muhogo, kama Kinondoni yenyewe na Temeke yenyewe, sasa ni nyumba juu ya nyumba, na muhogo umesukumwa nje mwaka hata mwaka. Wengi walima katika viwanja vya watu vingojavyo kujengwa. Mkulima wa namna hiyo hajui kama mwakani atakuwapo, kwa hiyo hatunzi shamba la mbegu; msimu ukija huomba vijiti kwa jirani, au hununua mzigo ulioshushwa njiani asijue ulikotoka. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyopanda gari. Nzi mweupe hapeleki michirizi mbali. Ni sisi tunaoipeleka, maili mia kwa siku moja, tukiwa tumeifunga kamba vizuri.

Basi katika mashauri yote ya kale, lile la kuchagua kijiti ndilo halikuchakaa hata kidogo, bali limezidi nguvu. Anayepanda kwa nafasi ya mita moja kila upande ahitaji vijiti 4,000 hivi kwa ekari, na vyote 4,000 vyaweza kutoka katika mimea aliyoikagua mwenyewe. Ukaguzi ufanywe wakati majani yangali yapo, si siku ya kukata, ambapo ukame umekwisha kuyaangusha. Pita shambani, funga kitambaa au jani la mnazi katika kila mmea usio na mabaka juu wala manjano katika majani ya chini. Siku ya kuvuna, chimba ile iliyofungwa peke yake, kata kila mzizi vipande kadhaa na utazame ndani. Mmea ambao mzizi wake mmoja tu una doa la kahawia, usichukue mti wake, hata kama mizizi mingine minne ni myeupe kama nazi. Ile iliyo safi yote, twaa sehemu ya katikati ya shina lililokomaa, kata vijiti vya sentimita 20 hadi 30, uvisimamishe kivulini mpaka mvua ije. Mashina ya ile migonjwa yasitupwe mpakani yakachipuka, yachomwe.

Aina nazo zatofautiana. Kiroba, iliyoenea sana katika pwani yetu, yaweza kuonyesha ugonjwa katika majani na mizizi yake ikasalimika kwa sehemu kubwa. Namikonga, inayojulikana Kenya kwa jina la Kaleso, ni mzao wa Amani nayo hushindana na michirizi kuliko nyingi. Lakini aina ya kustahimili ina hatari yake: kwa kuwa yastahimili, hubeba ugonjwa kimya kimya na kuwapa jirani zake.

Wakaao Kinondoni wana bahati ambayo wengi hawaitumii. Kituo cha utafiti cha Mikocheni, ambacho mwanzo wake ulikuwa kazi ya minazi mwishoni mwa miaka ya 1970, kimekuwa moja ya mahali pakubwa katika Afrika pa kuchunguza virusi vya muhogo, nacho sasa kimo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Kinachoonekana huko kwa vyombo hakionekani kwa macho, maana kijiti chaweza kuwa na virusi kabla ya dalili yoyote. Mtu anayetaka kulima ekari nyingi kwa ajili ya futari za Ramadhani au kwa soko la unga asiupeleke mtaji wake katika mzigo wa njiani. Amwendee kwanza Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yake, aulize ni nani mwenye mbegu zilizokaguliwa, na aulize vile vile zilikaguliwa mwezi gani. Akijibiwa kwamba zilikaguliwa baada ya majani kuanguka, aulize tena.